Dawa ya Kuwalaza Askari

Mke wangu alianza kwa kuacha pilipili. Yeye ni mtu wa Wamaza, na kwao sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na pilipili ni chakula cha mgonjwa, kwa hiyo nilipomwona anaisukuma pembeni nilidhani ana mimba. Sikumwuliza, nikangoja aniambie mwenyewe. Badala yake akaacha na muhogo wa kuchoma, kisha karanga, mwisho akawa anakunywa uji tu, tena uliopoa. Asubuhi moja nikamwambia afungue kinywa. Ndani ya mashavu nyama ilikuwa imechubuka, nyekundu, kama ya mtu aliyemeza chai inayochemka.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza," akasema. "Nilifikiri itapita."

Kazi yangu ni kununua dhahabu. Tulikuwa tunakaa Lusangi karibu na machimbo, na mimi natoka upande wa Fizi, mgeni kama wanunuzi wengi wa pale. Kazi hii inakufundisha kutomwamini mtu. Kijana anakuja na punje ndani ya kikaratasi, anaapa kwa jina la mama yake, na wewe unaitia asidi kwanza, uone kama ni dhahabu kweli, ndipo unamsalimu vizuri. Ukiishi hivyo kwa miaka, huwezi kuiacha tabia hiyo kwenye mzani na kurudi nyumbani bila yake. Nilipokiona kile kinywa sikujiuliza ni ugonjwa gani. Nilijiuliza ni nani.

Kwetu watu huzungumzia sumu ya polepole. Wanasema inatiwa kwenye kinywaji, nawe unakonda huku aliyekupa anakuja kukupa pole. Nikaanza kuwapitia kichwani watu waliokula kwetu. Jirani aliyeuza mikate. Binamu yake mke wangu aliyetuletea asali kutoka Wamaza. Mnunuzi mwenzangu aliyekuwa akinicheka kila nilipopata mzigo mzuri. Nikaitupa ile asali nyuma ya choo bila kumwambia mtu.

Kisha yakatoka malengelenge. Yalianzia kifuani, yakaenda mgongoni na kwapani, makubwa na laini, yamejaa maji. Yalikuwa yanapasuka kwa kuguswa na nguo tu, na pale yalipopasuka palibaki nyama tupu. Usiku alikuwa akilala kwa kuketi. Asubuhi nililowanisha shuka kwa maji ya uvuguvugu ili limwachie mgongo.

Wakati ule mpox, ile ndui ya nyani, ilikuwa imetapakaa mkoa wetu wa Maniema, na kila mtu alijua kwamba mwenye vipele lazima atengwe. Tulipofika kwenye kituo cha afya, muuguzi alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, kaa pale," akasema, akionyesha chumba cha nyuma kilichozibwa kwa turubai. "Na wewe, Papa, usimuguse."

"Nimelala naye kitanda kimoja mwezi mzima."

"Basi hata wewe, kaa mbali na mimi."

Wakachukua maji ya malengelenge, wakayapeleka kupimwa. Tulipokuwa tunangoja, mwenye mikate aliacha kupita kwetu, na wachimbaji waliokuwa wakiniuzia wakahamia kwa yule mnunuzi mwenzangu. Majibu yakarudi kwamba si mpox. Muuguzi aliyatangaza kwa sauti, wazi, ili watu wasikie, lakini haikusaidia. Jioni ile nilimsikia mwanamke mmoja kisimani akisema, "Iko mpox. Wanaficha tu, kwa sababu bwana yake ni mutu wa dhahabu."

Baada ya hapo akaja mjomba wa mke wangu kutoka Wamaza, kwa miguu, na fimbo yake. Huyo ndiye aliyesimamia ndoa yetu kwa upande wao. Alikataa chakula. Aliketi kwenye kiti nje, akamtazama mpwa wake kupitia mlangoni, halafu akanigeukia.

"Mukwe," akasema, "huku kwenye machimbo tunasikia mambo. Tunasikia kuna watu wanatoa watu wao kafara ili mawe yatoe dhahabu."

"Nani amekuambia?"

"Nimesema tunasikia. Sijasema wewe." Akapangusa fimbo yake kwa kiganja. "Lakini ukipata dhahabu mingi mwaka huu, tutajua imetoka wapi."

Nilikasirika sana. Mimi nilikuwa nawashuku watu wake, kumbe yeye alikuwa amekuja kunishuku mimi. Alitaka kumchukua amrudishe Wamaza, kwa mtaalamu wa miti shamba anayemfahamu. Mke wangu ndiye aliyetuamua. Alisema kutoka ndani, kwa shida, maana midomo ilikuwa inapasuka: "Mjomba, sitaki kwenda Wamaza, wala kubaki hapa. Munipeleke Kasongo, kwa munganga wa hospitali."

Tukaenda kwa pikipiki, yeye katikati yangu na dereva, amefungwa kikwembe cha pamba kilichopakwa mafuta ili kisigande. Njia ile inajulikana kwa ubovu wake. Kila shimo lilikuwa linamchubua upya, lakini hakulia. Alikuwa ananibana goti kwa kidole, na kila akibana nilikuwa namwambia dereva apunguze mwendo. Tulipovuka mto Luama alitaka kunawa uso, maji yakawa yamechanganyika na damu.

Daktari tuliyemkuta Kasongo alikuwa mgeni pia, ametoka Lubumbashi, kijana mpole asiyesema sana. Hakusimama mlangoni. Alivaa glavu, akaketi pembeni ya kitanda, akachagua mahali penye ngozi nzima karibu na lengelenge, akapasugua kidogo kwa kidole gumba. Ngozi ikateleza na kutoka kama ganda la haragwe lililochemshwa. Nikamwona anatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, na hilo sikulipenda.

Akakata kipande kidogo cha ngozi, akashona, akakitia ndani ya chupa yenye dawa.

"Hiyo nyama inaenda wapi?" nikauliza.

"Lubumbashi. Iko mtaalamu anayeangalia kwa hadubini."

"Na itakayobaki?"

"Haibaki, Papa. Ni kidogo sana." Akatabasamu. Mimi sikutabasamu.

Wakati tunangoja jibu alimwanzishia dawa inayoitwa prednisoloni. Sitasema uongo, ile dawa ilifanya kazi. Malengelenge mapya yakapungua, akaanza kula mchele uliopondwa. Lakini uso wake ukavimba na kuwa mduara, mashavu yakajaa, nywele laini zikaota taya zima. Akawa na njaa isiyoisha. Alikuwa akijitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa uani, akigeuza kichwa upande huu na ule.

"Huyu si mimi," akaniambia. "Ukinikuta sokoni utanipita."

Jibu lilipofika daktari alituita wote wawili. Alifunga mlango kwanza. Nikajiambia, habari njema haifungiwi mlango.

"Ugonjwa huu unaitwa pemfigasi," akasema. "Hauambukizi. Na haukutiwa na mutu." Sentensi hiyo ya pili aliisema akinitazama mimi. "Mwili una askari wake, wale wanaopigana na malaria, na vidonda, na kila kinachoingia. Ngozi nayo ina gundi inayoishikiza. Askari wa mama wamekosea. Wameiona ile gundi kama adui, wanaishambulia. Ngozi inaachana, maji yanaingia katikati. Ndiyo hayo malengelenge."

Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo ni mwili wangu mwenyewe unanifanya hivi?"

"Ndiyo, Mama."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Watu wa Kabambare, eneo la kwao, hawana haja ya kuelezwa habari za askari wanaowageukia watu wao. Alielewa kabla yangu.

Daktari akaeleza kwamba prednisoloni huwazima askari haraka, lakini ukiitumia nyingi kwa muda mrefu inaharibu mifupa, inapandisha sukari, inavimbisha uso. Kwa hiyo angemwongezea dawa ya pili, ya kufanya kazi polepole, ili ile ya kwanza ipunguzwe. Akatoa kichupa chenye vidonge vya njano iliyopauka. Jina lake azatioprini.

"Inafanya nini?" nikauliza.

"Askari wa mwili wanaongezeka kwa kujigawa. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Kila anayejigawa anahitaji vifaa vya kujengea mwenzake. Hii dawa inafanana na vifaa hivyo, lakini ni bandia. Askari anaichukua akifikiri ni kifaa chake, anaanza kujenga, kazi inakwama. Wanabaki wachache. Wakiwa wachache, vita dhidi ya ngozi inapoa."

"Kwa hiyo ni kitu cha uongo unachomupa."

"Ni cha kuudanganya mwili, ndiyo."

"Na malaria ikija? Tifoidi ikija? Hao askari wachache watafanya nini?"

Hakukanusha. Baadaye nilimheshimu kwa kutokanusha kule, lakini siku ile nilikuona kama dalili mbaya. "Hapo umeuliza kitu cha maana," akasema. "Ndiyo sababu tutampima damu mara kwa mara, kuona askari wamebaki wangapi na ini liko namna gani. Homa ikimushika, mumulete siku ileile. Ajiepushe na jua kali na wagonjwa. Na asinywe dawa nyingine yoyote bila kuniuliza. Hata ya kichwa."

Nilimwuliza nani mwingine hutumia dawa hiyo. Akasema kuna watu wanaopewa figo ya mtu mwingine, huko penye hospitali kubwa, ambao mwili wao ungeikataa ile figo bila dawa za namna hii. Kuna wale ambao maungo yao yanavimba mpaka vidole vinapinda. Kuna wenye utumbo unaotoka vidonda na damu. Wote hao, alisema, wana shida moja, askari wenye bidii mahali pasipotakiwa.

Nilitoka pale na kichupa mfukoni na neno moja kichwani. Mtu anaumwa, amekonda, anakwenda kutafuta nguvu, naye anapewa dawa ya kumpunguzia nguvu. Na anayempa ni mgeni aliyekata nyama yake akaituma mbali. Nikachukua kidonge kimoja, nikakipeleka kwa muuza dawa sokoni Kasongo bila kumweleza kimetoka wapi. Alikigeuza, akasoma maandishi yake, akanitazama kwa mshangao.

"Hii sina. Hii si dawa ya kununuliwa hivihivi. Ni ya nani?"

"Ya mutu."

"Huyo mutu ana munganga?"

"Anaye."

"Basi amusikilize munganga wake." Akakirudisha kwangu kwa ncha za vidole, kana kwamba kilikuwa cha moto. Sikujua kama anajua kitu asichotaka kuniambia, au hajui chochote na anaficha ujinga. Nikakirudisha kidonge kwenye kichupa.

Dawa ile ikakaa wiki nyingi bila kuonyesha lolote. Daktari alikuwa ametuonya hivyo, lakini kuonywa hakumzuii mtu kuwahesabia wengine ubaya. Tulirudi Lusangi. Kila asubuhi nilikuwa namwona mke wangu akimeza kidonge cha njano kwa uji, nami nilikuwa natazama koo lake likishuka na kupanda. Kila tulipokwenda Kasongo kupima damu nilikuwa nasimama nyuma ya mtu wa maabara mpaka akaniomba nimpishe. Halafu polepole, bila mtu kutangaza, ngozi ikafunga. Kifua kikabaki na alama nyeusi tu. Akala muhogo wa kuchoma. Siku alipoomba pilipili nilikwenda kuichuma mwenyewe.

Hapo ndipo mama yangu alipokuja kutoka Fizi, juu ya gari la mizigo kupitia Lulimba, ili kumsaidia mkwewe kazi za nyumbani. Mama hakuwahi kuipenda ndoa yetu. Alikuwa amenichagulia msichana wa jirani, mtu wa lugha yetu, nami nikaoa Mubangubangu wa mbali. Kwa miaka mingi alikuwa akimwita mke wangu "yule wa kwenu," kana kwamba mimi ndiye niliyehamia ukoo mwingine. Lakini alipoona ile mikono yenye alama, kitu ndani yake kililainika. Alimpaka mafuta ya mawese yaliyochujwa. Alimsonga nywele. Nikawasikia wakifundishana maneno, huyu Kibembe, yule Kibangubangu, wakiyakosea yote mawili.

Daktari alikuwa ameanza kupunguza prednisoloni, na uso wa mke wangu ukarudi. Pamoja na hayo yakaja maumivu ya magoti na vifundo vya miguu. Daktari alisema ni kawaida mwili unapoachishwa dawa ile, yatapita. Mke wangu hakulalamika kwangu. Alikuwa akishuka kitandani kama mwanamke mzee, akishika ukuta.

Ndipo akaanza kufifia. Kwanza uchovu, mpaka analala mchana na jiko linazima. Kisha nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Kinywa kikatoka vidonda tena, lakini tofauti na vile vya kwanza, hivi vilikuwa vyeupe. Asubuhi moja nikamgusa shingo, ilikuwa inawaka.

Sikungoja. Nilitafuta pikipiki mbili, moja yangu na yake, moja ya mama, kwa sababu mama alikataa kubaki. Njia nzima nilikuwa natayarisha maneno. Sasa sikuwa namshuku jirani wala binamu wala mjomba. Nilikuwa na hakika. Kijana wa Lubumbashi amemaliza askari wote wa mke wangu kwa vidonge vyake vya uongo, na amefanya hivyo mbele ya macho yangu huku akinieleza anavyofanya.

Damu ilipopimwa, daktari mwenyewe alikuja na karatasi mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Askari wameshuka sana," akasema. "Sana. Dawa tunaisimamisha sasa hivi."

"Ulijua," nikamwambia. "Uliniambia wewe mwenyewe kwamba unawapunguza. Umemuua."

"Papa, kwa dozi niliyompa, na kipimo cha mwisho kilikuwa kizuri, hawawezi kushuka hivi ghafla. Kuna kitu kimeongezeka. Amekunywa nini kingine?"

"Hakuna."

"Dawa ya mizizi? Ya sokoni? Sindano?"

"Nimekuambia hakuna! Mimi ninaona kila kinachoingia kinywani mwake!"

Wauguzi walikuwa wamesimama wakitutazama. Mke wangu alikuwa amelala macho yamefungwa, chupa ya maji ikimdondokea mkononi. Nadhani ningemshika daktari shati kama mama hangeingia wakati ule na chupa ya uji, akichechemea. Alikuwa amevua kandambili moja kwa sababu kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa.

Daktari aliutazama ule mguu. Akaacha kabisa kunitazama mimi.

"Mama, shikamoo. Hicho kidole kinakusumbua tangu zamani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni gauti. Inakuja na kwenda. Sasa imenirudia kwa sababu ya njia."

"Unakitibia na nini?"

"Niko na dawa yangu. Walinipa hospitalini, huko mjini Baraka." Akaketi, akafungua fundo kwenye ncha ya kikwembe, akatoa kipande cha karatasi ya vidonge, vingi vikiwa vimeshatolewa. Daktari akasoma nyuma yake. Akasoma tena.

"Mama," akasema kwa upole sana, "mkweo amekunywa hizi?"

Mama akamtazama yeye, kisha mimi, kisha kitanda. "Magoti yalikuwa yanamuuma," akasema. "Zinanisaidia mimi. Nikamgawia."

Sijui nilikaa muda gani bila kusikia. Daktari alikuwa anaeleza, nami nikamwambia arudie. Dawa ya mama inaitwa alopurinoli. Ni dawa nzuri ya gauti. Lakini katika mwili kuna mfanyakazi mmoja ambaye kazi yake ni kuzivunjavunja takataka fulani za damu, na mfanyakazi huyohuyo ndiye anayeivunja azatioprini na kuiondoa. Alopurinoli inamfunga mikono. Kwa mwenye gauti, hiyo ndiyo faida. Kwa mwenye kunywa azatioprini, dawa inajaa mwilini bila wa kuitoa, na kidonge kimoja kinakuwa kama vinne. Mbegu za askari ndani ya mifupa zinakauka.

"Hakukosea mutu kwa kutaka," daktari akasema. "Kila dawa peke yake ni sawa. Ni kukutana kwao."

Lakini mimi nilikuwa nimeshatoka nje, na mama nyuma yangu.

Tulisimama kando ya ukuta ambapo ndugu wa wagonjwa huanika nguo. Nilimtazama mama yangu, mwanamke aliyenibeba mgongoni tulipokimbia vita, na kichwani mwangu nilikuwa namsikia akisema "yule wa kwenu."

"Nani alikuambia umpe?"

"Hakuna."

"Ulijua itamfanya nini?"

Alichelewa kuelewa. Kisha akaelewa, nikaona jinsi lilivyomwingia. "Unaniuliza nini?"

"Nauliza kama ulijua."

"Mimi sikusoma. Ningejua namna gani?" Sauti yake haikupanda. "Lakini hilo siyo unaloniuliza. Uliza unaloniuliza."

Nikageuka kuzitazama nguo zilizoanikwa. Akaniacha pale, akarudi ndani na mguu wake mbovu, akaketi chini pembeni ya kitanda cha mke wangu na kumpepea kwa kipande cha katoni. Hakunisemesha siku hiyo wala iliyofuata.

Walimweka mke wangu katika chumba cha peke yake, mlango umefungwa, kila anayeingia amenawa na kufunika mdomo. Wakampa antibiotiki kwa mshipa. Daktari alikuwa anakuja asubuhi na jioni, na mara nyingine katikati, hata siku ya mapumziko yake. Nilimtazama anavyofanya kazi. Sijui kama niliacha kumshuku au nilichoka. Homa iliposhuka, mke wangu alifungua macho na kumwomba mama maji. Mama alilia kwa sauti.

Nilingoja apate nguvu ndipo nikamwuliza. Mama alikuwa ameenda kufua.

"Ni yeye aliyekuletea zile dawa?"

"Ni mimi niliyemuomba," akasema. "Nilimuona anazimeza, kidole kinapoa. Nikamwambia, Mama, nigawie na mimi. Hakutaka. Nikamsumbua."

"Daktari alisema usinywe kitu kingine."

"Dawa ya mama nilidhani siyo kitu kingine."

Baadaye nikamwuliza mama pia, nilipokuwa nimepata namna ya kuzungumza naye tena. Nikamwambia, "Mke wangu anasema ndiye aliyekuomba."

"Hapana," mama akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akipepeta. "Hakuomba. Yeye hawezi kuomba. Nilimpa mwenyewe."

Nimeyaweka maneno hayo mawili kando kwa kando mara nyingi. Mmoja wao anasema lisilokuwa, kumkinga mwenzake. Au wote wawili wamekubaliana kila mmoja abebe, ili mimi nisipate pa kushika. Daktari nilipomwambia, alisema kwake haina tofauti, damu inapanda, hilo tu ndilo analotaka kujua. Kwangu ina tofauti, lakini sijapata wa kumwuliza mara ya tatu.

Damu ilipanda kweli. Askari walirudi polepole, na malengelenge machache yakajaribu kutoka mgongoni wakati dawa ilipokuwa imesimamishwa, kwa hiyo daktari akaianza tena kwa dozi ndogo, na vipimo vya mara kwa mara zaidi. Mama aliambiwa aendelee na alopurinoli yake, maana kidole chake kinaihitaji, lakini asimgawie mtu hata punje. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Daktari alimwambia, "Mama, siyo kosa kupenda mukwe." Sikujua kama alisema hivyo kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Mjomba wa Wamaza alikuja tuliporudi Lusangi. Safari hii alikula. Alimtazama mpwa wake akitembea, mikono mirefu ya blauzi imefika vidoleni kwa sababu ya jua, akamwita karibu, akamgeuza kiganja huku na huku. Kisha akanitazama mimi, nyumba, na mabati, kama anayetafuta kilichoongezeka. Hakukuwa na kilichoongezeka. Akaaga vizuri.

Mke wangu sasa anapanda pikipiki kwenda Kasongo kupima damu, na mara nyingi mama ndiye anayekwenda naye. Wanakaa nyuma ya dereva wawili, wanene wa vitambaa, wakishikana viuno. Wakirudi wananipa majibu ya damu na chumvi na sabuni. Ngozi yake ni nzima. Uso ni wake.

Juzi nilirudi mapema kutoka kwenye machimbo. Nikawasikia jikoni wanatwanga sombe, mchi mmoja kwa zamu, na wanacheka, mama anacheka kama sijamsikia akicheka tangu baba afe. Nilisimama kidogo nje kusikiliza wanachosema. Walikuwa wanachanganya Kibembe na Kibangubangu, na kwa mlio wa mchi sikushika hata neno la Kibembe chetu. Nilipoingia wakanyamaza.

"Karibu, bwana yangu," mke wangu akasema, na mama akaendelea kutwanga.